Muhuri Haugongwi kwa Simu

FUNDI: Haloo? Nani huyo?

BABA MDOGO: Ni mimi.

FUNDI: Mimi nani? Namba siijui.

BABA MDOGO: Baba yako mdogo! Simu ya karani hii. Yangu huipokei tangu juzi.

FUNDI: Shikamoo, Baba Mdogo.

BABA MDOGO: Marahaba. Hujambo?

FUNDI: Sijambo, ila mikono imejaa grisi. Simu nimeiweka juu ya ndoo, kwa hiyo paza sauti.

BABA MDOGO: Nani mwingine yupo hapo?

FUNDI: Mimi na injini ya lori. Haina umbeya.

BABA MDOGO: Haya. Kile kitabu cha Malkia nilichokutumia—

FUNDI: Kitabu cha matengenezo cha lile gari jekundu unaloliita Malkia. Kimefika.

BABA MDOGO: Basi gonga muhuri wa marehemu kaka, andika mkanda wa taimingi umebadilishwa mwezi huu, karani aje kukichukua. Dakika moja tu, mwanangu.

FUNDI: Mkanda haujabadilishwa.

BABA MDOGO: Najua haujabadilishwa!

FUNDI: Basi tumeelewana.

BABA MDOGO: Hatujaelewana! Mteja anakuja kesho saa nne. Gari limeganda yadini kwangu miaka mitatu. Kila anayekuja analizunguka, analipapasa, anajipiga picha nalo, halafu anauliza kitabu. Kitabu kikikamilika, bei inapanda karibu nusu. Karatasi tu hiyo!

FUNDI: Kama ni karatasi tu, mbona inapandisha bei?

BABA MDOGO: Usinijibu hivyo, mimi si rika lako. Unajua kazi yenyewe ilivyo. Injini imebanwa nyuma ya viti, lazima ishushwe yote kwa ajili ya kimkanda cha mpira. Spea mpaka ziagizwe ng'ambo. Gari linashuka bei mwaka wa ishirini sasa, spea zake hazina habari. Nikilitengeneza, mimi nabaki na nini?

FUNDI: Uliponunua kwa bei ya kutupa, ulidhani mwenyewe amekupenda? Alikuwa anaukimbia mkanda huohuo.

BABA MDOGO: Lakini halitembei! Tangu nilinunue halijafika hata kona ya pili.

FUNDI: Mpira unazeeka umesimama, Baba Mdogo. Una miaka saba, na ulitakiwa kutolewa baada ya mitano. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni, injini inakuwa chuma chakavu. Hapo mteja atafanyaje?

BABA MDOGO: Mteja ni mkunga mstaafu! Mama wa miaka sitini na mbili na kiinua mgongo chake. Atakwenda nalo wapi? Dukani na kurudi.

FUNDI: Kwa dada yake. Kilomita mia tatu, na mlima katikati.

BABA MDOGO: We umejuaje— [mtandao unakwaruza] —jeje hayo?

FUNDI: Unakatikakatika.

BABA MDOGO: Nasema hivi! Hilo banda unalofanyia kazi ni la nani?

FUNDI: Lako.

BABA MDOGO: Na lango?

FUNDI: Lako. Spana ni zangu, nazo zinabebeka.

BABA MDOGO: Una kiburi, wewe.

FUNDI: Nusu nimerithi, nusu nimesomea.

BABA MDOGO: Kaka yangu asingenifanyia haya. Yeye ningempigia mara moja tu—

FUNDI: Ulimpigia. Mara moja tu.



BABA MDOGO: Unasemaje?

FUNDI: Gari la bluu.

[honi inasikika mbali]

BABA MDOGO: Hayo yamepita.

FUNDI: Miaka mitano. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nimeshika tochi. Akasema, "Sawa, mdogo wangu." Akagonga muhuri. Injini hakuifunua hata kuichungulia.

BABA MDOGO: Hata polisi walisema dereva wa lori ndiye—

FUNDI: Gari lilizima katikati ya daraja. Lori lilikuwa nyuma yake, ndiyo, likaliparamia. Baba hakushika spana tena mpaka tunamzika. Alikuwa anakaa langoni kwenye kile kiti kilichong'olewa garini, anatazama barabara. Na wewe unamletea magazeti.

BABA MDOGO: Nilikuwa namletea magazeti.

FUNDI: Kila asubuhi. Nakumbuka.



BABA MDOGO: Rudisha kitabu kama kilivyo. Nitatafuta fundi mwingine.

FUNDI: Nimeshagonga.

BABA MDOGO: Umegonga? Sasa si ungesema! Unanizungusha muda wote huu— Muhuri wa kaka?

FUNDI: Wa Baba.

BABA MDOGO: Nisomee ulivyoandika.

FUNDI: "Mkanda wa taimingi haujabadilishwa. Una miaka saba. Gari lisiendeshwe." Na sahihi yangu.

BABA MDOGO: Umeniua! We mtoto, umeniua! Nitauchana huo ukurasa!

FUNDI: Kurasa zina namba. Halafu mkunga anajua.

BABA MDOGO: Umempigia!

FUNDI: Kanipigia yeye, jana. Si uliosha injini ukaipiga picha ya tangazo? Mfuniko wa mkanda una mwandiko wa Baba, rangi nyeupe: tarehe ya kuufunga na jina la karakana. Mama wa watu ameikuza picha kwenye simu, akasoma yote.

BABA MDOGO: Ile picha niliipiga mwenyewe.

FUNDI: Na haikutikisika hata kidogo. Hongera.

BABA MDOGO: Kwa hiyo keshaghairi.

FUNDI: Hajaghairi. Kasema amezalisha miaka thelathini na minane, na hajawahi kumwambia mtu amejifungua wakati mtoto bado yumo ndani. Gari analitaka, kwa bei yote uliyotangaza. Ila injini ishushwe hapa, yeye anaona.

BABA MDOGO: Bei yote?

FUNDI: Yote. Ukikataa, kesho saa nne nitampa kitabu mkononi, nilifagie banda lako, nikuachie funguo.

[mlio wa onyo]

BABA MDOGO: Salio la karani linakwisha hili. Haya, spea analipia nani?

FUNDI: Wewe.

BABA MDOGO: Tugawane.

FUNDI: Wewe.

BABA MDOGO: Basi ufundi unipunguzie, mimi ni baba yako—

FUNDI: Ufundi ni bei ya kila mtu. Chai ndiyo bure.

BABA MDOGO: [anashusha pumzi] Siku ngapi?

FUNDI: Tisa, spea zikishafika.

BABA MDOGO: Haya. Mlete huyo mama. Na mimi nitakuja... Kile kiti bado kipo?

FUNDI: Kipo langoni.

BABA MDOGO: Basi kiache hapohapo. Nitakikalia mi—

[tuu... tuu... tuu...]

FUNDI: Kiti cha Baba anakalia mteja. Wewe utakalia ndoo. Umesikia? Haloo? ... Haloo?