King'ora cha Asubuhi

Ndani ya Landrova iliyokuwa ikishuka kutoka Suji kwenda Same, binti aliyekaa mbele yangu, aliyejitaja kuwa Stumai, alimwamkia mzee aliyekaa naye, akamweleza safari yake. Anasoma ufundi mitambo. Chuo kinamtaka atafute mwenyewe mahali pa mazoezi ya kazi, na kila alipobisha hodi mjini ameambiwa wanapunguza watu.

"Sasa najaribu kiwanda cha mkonge kule tambarare. Hicho najua kinafanya kazi."

"Nani kakwambia?" mzee akauliza.

"Si king'ora chao, babu! Kila asubuhi tunakisikia mpaka kule juu. Mama ndicho kinachomwamsha."

Mzee akavua kofia, akaikung'uta vumbi ambalo, kwa barabara ile, lingerudi kabla hajaivaa.

"Kile nakizungusha mimi, kwa mkono. Mimi ndiye mlinzi pale. Mitambo ilishauzwa chuma chakavu, mwanangu. Wanasema atakuja mwekezaji."

"Sasa unampigia nani?"

"Nikiacha, watu watajua kiwanda kimekufa."

Mimi, mwalimu mkuu mzima, nagonga kengele ya shule kwa kufuata king'ora hicho hicho. Nikageukia dirishani.

Dereva akafunga breki kwenye njia panda ya shamba. Mzee alipoinuka, Stumai akamshika koti.

"Kesho usiache kukipiga, babu," akasema taratibu. "Mama nilimuaga nikamwambia nakuja hapa. Akikisikia, atajua nimepata."