Kura Zilizopigwa Siku ya Msiba

Sifa zote kwa Bwana, ndugu zangu! Naona mama zangu mnaangaliana. Ndiyo, ni mie, Baraka, mtoto wa Mama Baraka wa kule juu mlimani, yule ambaye ibada ikianza mnamwona amesimama nje karibu na pikipiki. Leo nimeingia ndani, nimekuja hadi mbele. Sikuja kuwadanganya kwamba maswali yangu yamekwisha. Hayajaisha. Lakini nimetendewa jambo, na mtu aliyetendewa jambo akinyamaza ni kama kaiba.

Tangu mdogo mie ni mtu wa kuuliza. Mwalimu wangu wa Shule ya Jumapili alikuwaga ananiruhusu kwenda kunywa maji hata bila kiu, ili yeye apumzike. Chuo nilisoma takwimu, nikakaa hosteli Mabibo, na huko ugonjwa ukazidi: nikaacha kumwamini mtu yeyote. Mwanasiasa, simwamini. Daktari akiandika dawa, naitafuta kwanza kwenye simu. Mchungaji, unisamehe Baba, na wewe nilikuwa sikuamini. Watu wanadhani mtu wa namna hii ni jeuri. Ndugu zangu, si jeuri, ni mtu aliyechoka! Moyo haukai. Unakula huku unauliza, unalala huku unauliza.

Nilipokutana na blokcheni nikadhani nimefika. Kwa wasioijua, ni namna ya kutunza kumbukumbu ambapo kila kinachoingizwa kinakaa kwenye kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna mkubwa wa kukifuta wala kukibadilisha. Hakuna mwenyekiti anayelala na sanduku la kura chumbani kwake. Mfumo usiokuomba umwamini mtu! Nikasema huu ndio wokovu wangu.

Mnakijua kisima chetu cha Pugu. Tulipokichimba, sie vijana tulishauri umoja wa kisima uongozwe kwa njia hiyo. Kila nyumba ina kura moja, inapigwa kwa simu, kwa namba ya siri ya mwenye nyumba. Msimamizi akishachaguliwa, mfumo wenyewe unamkabidhi ufunguo wa pampu, na yeye ndiye anayeamua maji yanafunguliwa lini na yanakwenda wapi. Mie mkanichagua mwangalizi wa kura.

Uchaguzi ukafika, wagombea wawili. Mwalimu Zuhura, mstaafu, jirani yetu wa karibu na msikiti, yeye alitaka maji yabaki huku kwetu. Na Bwana Mathayo, ambaye nyote mnamjua kwa ukarimu wake. Bwana Mathayo hakuficha neno. Alisema akipata ufunguo ataingia mkataba na mwenye maboza, yale malori ya maji, maji yapelekwe kuuzwa mjini mpaka Ubungo, na sie tutatumia yatakayobaki. Kwa walio bondeni pengine si neno, wana bomba. Sie wa juu hatuna kingine. Mama yangu ana nyonga mbovu. Kabla ya kisima alikuwa anapanda kile kilima na ndoo kichwani, anasimama, anashika ukuta wa mtu, anapanda tena. Maboza yakija, mama anarudi kwenye ndoo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Siku ya mwisho ya kupiga kura ikaangukia siku ya maziko ya Mzee Sifaeli. Mnaijua desturi yetu ya huku. Kina mama wakiingia jikoni msibani, simu zote zinawekwa kwenye beseni moja, anakabidhiwa binti mmoja azitunze, zisilie makaburini na zisitumbukie kwenye masufuria. Siku ile beseni alishika Dada Jenifa wa kwaya. Huyu Jenifa ndiye aliyewaunganisha kina mama wengi kwenye mfumo wa kura, kwa sababu ana subira na vidole vyake ni vyepesi. Alipofika kwetu, nilimsikia mama kwa masikio yangu: "Weka namba ya siri yoyote tu mwanangu, utakuwa unanikumbusha." Wengine nao vivyo hivyo.

Mie nilikuwa nabeba kuni. Mwalimu Zuhura, kura yake alishaipiga asubuhi, alikuwa pale pale kwenye mkeka anamenya vitunguu, anawatania wenzake: "Nyie Wakristo mnapika pilau kama mnaiogopa bizari!" Mama yangu akamjibu, "Menya vitunguu, mgombea. Kura hazitafutwi jikoni." Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, kile cha kujifuta macho.

Jioni matokeo yakatoka. Bwana Mathayo kashinda kwa mbali. Nikafungua kumbukumbu za uchaguzi kama mwangalizi. Sioni nani kampa nani, hiyo ni siri. Naona tu nyumba ipi imepiga na kwa saa ngapi. Ndugu zangu! Kura za kina mama zilikuwa zimeingia zikifuatana, moja ikimkanyaga mwenzake visigino, wakati ule ule jeneza linashushwa kaburini. Nilikuwa nimesimama nao! Niliiona mikono yao, ilikuwa imeshika udongo!

Na hakuna aliyevunja mfumo. Hilo ndilo lililonimaliza nguvu. Simu ni zenyewe, namba za siri ni zenyewe. Kile kitu nilichokiamini kuliko watu wote kilikuwa kimetunza, kwa uaminifu mkubwa, kura ambazo wenyewe hawakuzipiga.

Nikamfuata Jenifa. Hakukana hata kidogo.

"Braza Baraka, si nimewasaidia? Muda ulikuwa unaisha, wao wako makaburini, kura zingepotea bure. Na si wote wanamsifiaga Bwana Mathayo?"

"Uliwauliza?"

"Ningewauliza saa ngapi, sasa? Wakati wa kutupa udongo?"

Aliamini kabisa ametenda wema, na uso wake ulikuwa mkunjufu kama wa mtu anayesubiri kushukuriwa.

Sheria yetu inasema hivi: matokeo yanasubiri mpaka Jumapili jua likizama, ndipo ufunguo wa pampu unahamia kwa mshindi, wenyewe, bila mtu kuugusa. Ukishahamia haurudi mpaka muhula uishe. Kuna njia moja tu ya kuuzuia. Mwenye kura, kwa simu yake mwenyewe, aseme kura ile si yangu. Akisema mmoja tu, uchaguzi unarudiwa. Lakini mwangalizi hawezi kumsemea. Tuliiweka hivyo makusudi, mwangalizi naye asije akageuka mfalme.

Basi nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba. Nilianza na ya kwetu.

"Baraka," mama akasema, "unataka mtoto wa watu aitwe mwizi? Tena kwenye msiba aliotuhudumia?"

"Mama, maji yanaondoka!"

"Tuliishi bila hayo maji. Jenifa akiondoka kwa aibu, nani atamrudisha?"

Nyumba ya pili nikaambiwa, "Wewe na elimu yako, kila kitu unakiona wizi." Ya tatu: "Shikamoo yako nimeipokea, mwanangu, ila hayo mengine rudi nayo." Kila mmoja alijua hakupiga kura. Kila mmoja alinitazama machoni akanyamaza, kwa upendo! Ningepambana na wezi, ningejua pa kushika. Upendo unaushika wapi? Nikamwomba mzee wa kanisa nafasi kwenye matangazo. Akasema mambo ya pampu hayaingii kanisani, peleka serikali ya mtaa. Serikali ya mtaa wakasema kisima ni cha umoja, malizaneni huko huko. Nikapanda, nikashuka. Nilikaa, nikasimama. Mama akaniambia, "Utatoboa sakafu."

Nyumba moja tu sikuigusa, ya mjane wa Mzee Sifaeli, Mama Sifa. Ningeanzaje? Pole kwa msiba, halafu kura? Nilipita mlangoni kwake nikainamisha kichwa, nikaenda zangu.

Jumamosi mchana nikaenda kisimani, nikasimama nyuma ya tangi. Pampu ilikuwa inaunguruma, nimeegemea bati naisikia mgongoni. Nikaomba. Sikuomba vizuri, ndugu zangu, sina mazoea. Nilisema: kama upo, sikuombi unifanye niamini. Naomba mtu mmoja aseme kweli, na Jenifa asiumie. Kisha nikageuka haraka kutazama kama kuna mtu kanisikia.

Jumapili mlikuwepo. Familia ya marehemu ikaja kutoa shukrani, kama ilivyo kawaida. Mie nilikuwa nje nilipozoea, natazama jua, nahesabu limebakiza wapi. Mama Sifa akasimama hapa, na watoto wake. Akawashukuru waliochimba kaburi, akashukuru kwaya, akawashukuru waliopika. Nikachungulia dirishani. Alikuwa anatoa simu kwenye kitenge.

"Nina swali dogo," akasema. "Juzi nimefungua simu nitazame picha ya Baba Sifa. Nikakuta ujumbe: asante, kura yako imepokelewa. Nikaangalia saa. Saa hiyo mlikuwa mmenishika huku na huku, mume wangu anawekwa udongoni. Nauliza tu. Mimi kura hiyo niliipiga na nini? Na machozi?"

Akaiinua simu juu, wote tuione!

"Simtafuti mtu," akasema. "Naitaka kura yangu."

Hapo kwenye kwaya mtu akaanza kulia kwa sauti. Mama Sifa akageuka. "Nani huyo? Jenifa? Njoo mwanangu. Wewe ndiye uliyenitunzia simu hii, hata mkwaruzo haikupata. Njoo ukae na mimi." Jenifa akashuka na joho lake la kwaya, akijikwaa, na mjane akamkalisha kwenye benchi la wafiwa, katikati ya watoto wake, akampa leso. Nani angemwita mwizi mtu aliyekaa pale? Niambieni, nani?

Ndipo nikaiona nyonga ya mama yangu ikinyanyuka. "Na mimi sikupiga!" Na mwingine: "Hata mimi!" Na mwingine kule nyuma. Baba Mchungaji ulijaribu kutoa baraka za kufunga, na nakuhakikishia hakuna aliyezisikia, ilikuwa kama soko la Mabibo siku ya mizigo! Nje kwenye ngazi Mama Sifa akamwambia Jenifa, "Nionyeshe pa kubonyeza, halafu geukia kule." Akaikana kura ile kwa kidole chake mwenyewe, na jua likiwa bado juu.

Uchaguzi ukarudiwa. Kila mmoja alijichagulia namba mpya, amewapa wenzake mgongo, na Jenifa ndiye aliyekuwa anawafundisha. Wengine ilichukua mchana kutwa. Mama yangu alipomaliza akanijia.

"Nimempa Mathayo."

"Mama! Na nyonga hiyo?"

"Ana heshima yule. Kwani kura ni yangu au yako? Au na wewe unataka kushika beseni?"

Nikacheka mpaka nikakaa chini! Mwalimu Zuhura akapita kwa kura chache, Bwana Mathayo akaja kumpa mkono mbele yetu sote, na pampu inaunguruma mpaka leo, maji yako mlimani, mama anafungua bomba uani.

Mtaniuliza, Baraka, ni Mungu au ilitokea tu? Nimeshajiuliza kabla yenu, mnanijua. Naweza kusema ni mjane aliyefungua simu. Lakini ya kwamba ukweli ungetoka kwa mtu niliyeogopa kumwendea, siku ile, kabla ya jua kuzama, na aliyekosea akapata mahali pa kukaa badala ya kupigwa mawe? Niliomba mawili nyuma ya tangi, na yote mawili nikapewa. Sikumwambia mtu yeyote. Na tangu siku hiyo, ndugu zangu, nalala. Naamka na maswali yangu, lakini nalala!

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mama Sifa. Na kama umekaa hapa leo na moyo wako hautulii, nakusihi, usisubiri uamini kwanza ndipo uombe. Peleka shida yako kama ilivyo, kwa maneno yako, hata kama ni mabovu. Anasikia. Mie niliyekuwa simwamini mtu nawaambia, huyu anaaminika.

Amina sitawasemea. Kila mtu aseme yake.