Bibi wa Ngazini

Benchi la mbele ya duka la kinyozi lina miguu mitatu ya mbao, na wa nne ni matofali yaliyopandana. Seremala wa mtaa, ambaye wenzake wamembandika jina la Randa, hulikalia benchi hilo kila alasiri na kuapa kwamba kesho analeta mguu. Kesho ya seremala, jamani, mnaijua wenyewe. Basi pale pana sheria moja tu: anayekaa upande wa matofali asiinuke bila kuaga, maana akiinuka ghafla benchi linapiga chafya, na wote wanakwenda chini na vikombe vyao. Siku hiyo walikaa wanne. Kinyozi mwenyewe, taulo begani. Waya, fundi wa redio, bisibisi mfukoni hata akienda msibani. Randa, maranda ya mbao yamemjaa nywelani kama kuku aliyetoka kwenye takataka. Na upande wa matofali, Sauti. Mama Birika, muuza kahawa, alikuwa kwenye kigoda chake, birika juu ya makaa, masikio juu ya mazungumzo.

Huyu Sauti kazi yake ilikuwa kusimama kando ya skrini kwenye banda la video, kipaza sauti mkononi, akiwaambia watazamaji kwa Kiswahili yale yanayosemwa kwenye filamu. Ije filamu ya watu gani, ya lugha gani, Sauti anaigeuza papo hapo. Hakuna aliyewahi kumwuliza lugha zote hizo alijifunzia wapi. Mama mkwe wake alikuwa akitamba kisimani kwamba binti yake ameolewa na mtu wa ndimi nyingi. Na ukweli, wajukuu zangu, ni kwamba Sauti hakujua hata moja. Alikuwa anatazama midomo. Mdomo ukifunguka sana, anaweka tusi. Ukifunguka kidogo, anaweka mapenzi. Ukitetemeka, anaweka mama mzazi. Na banda lilijaa.

— Mimi ile ya ngumi niliiona ya kitoto, Kinyozi alianza. Mtu ana risasi kifuani, bado anatoa hotuba kama diwani!

— Hotuba ile ndiyo utamu wenyewe, Waya akamkatiza. "Mwambieni mama nimekufa nimesimama." Aisee, nililia. Sauti, siku ile ulitumaliza.

Sauti akatabasamu ndani ya kikombe. Kwa jinsi alivyomwona yule mtu wa kwenye skrini, alikuwa anaomba maji.

— Hayo ni ya ngumi, Kinyozi akasema. Mimi nazungumzia ile ya kutisha. Bibi wa Ngazini! Nyumba kubwa, giza, ajuza mwenye mvi anashuka ngazi, ananong'ona peke yake, na kukicha mtu mmoja hayupo. Tangu nimeitazama, nikinyoa nageuza kioo ukutani. Sitaki kuona kitu nyuma yangu.

— Kumbe! Mama Birika akaruka. Ndiyo maana mume wangu karudi ana nywele upande mmoja! Nimemuuliza, "Umenyolewa au umeng'atwa?"

— Mshukuru karudi na kichwa.

— Nyinyi hamjui mzimu, Waya akasema, akachomoa bisibisi kama mwalimu anayechomoa chaki. Mzimu ni mawimbi. Ni kama redio ambayo haijashika stesheni. Yule bibi alikuwa anatafuta stesheni ya wafu, ndiyo maana ananong'ona, shhh, shhh, shhh. Na mlimwona anavyoshuka? Pole pole! Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Sasa mtu mzima gani anashuka ngazi pole pole namna ile?

— Mwenye magoti mabovu, Mama Birika akajibu.

— Mama Birika, we mimina kahawa, Kinyozi akamkata. Haya ni mambo ya kiufundi.

— Halafu si maneno yangu, Waya akaendelea. Ni maneno yake mwenyewe, Sauti alitugeuzia neno kwa neno. "Mwenye mvi anayesema peke yake usiku, hasemi peke yake. Anaita majina. Atakayetajwa, haamki."

— Wee! Nywele zilinisimama, nikatamani nijinyoe palepale.

Sauti alimeza funda la kahawa, likamuunguza. Aliikumbuka siku ile. Filamu ilikuwa imepoa, watu wanaanza kutoka mmoja mmoja, mwenye banda kakunja uso pale mlangoni. Bibi wa kwenye skrini anachezesha midomo tu. Basi Sauti akashusha sauti, akayatupa yale maneno. Banda zima likapiga yowe, waliokuwa wametoka wakarudi mbio, na mwenye banda akamwonyesha dole gumba. Hakuyafikiria tena.

Randa alikuwa hajasema neno. Alizungusha kikombe, akazungusha, kisha akauliza kama mtu anayeuliza habari za jirani:

— Hivi, ni mpaka ataje jina lako kamili? Au hata lile la kubembelezea?

Waya akamsogezea sikio.

— Kwa nini unauliza? Kinyozi akasema.

— Nauliza tu.

— Randa, mtu haulizi tu hivyo. Funguka.

Seremala akatazama ndala zake. Akasema mama yake amekuja kukaa naye tangu macho yalipoanza kumsaliti. Mchana hana neno, anachambua mboga, anatania wajukuu. Lakini usiku huamka. Hutembea gizani, na akitembea ananong'ona.

— Nilitega sikio ukutani. Nikasikia anamtaja mwanangu wa mwisho. "Kitinda." Halafu akamtaja na kaka yake. Mke wangu akasema tumuulize. Nikamwambia, usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ukaziba nini?

— Nimemhamishia karakana.

Mama Birika aliyekuwa anamimina akaacha, mkono ukabaki hewani.

— Karakana? Kwenye misumeno? Mama yako mzazi?

— Kwani nina mama mwingine? Ana godoro, nimempangia vizuri. Nimemwambia chumba kinapakwa rangi.

— Na kinapakwa?

Randa alijikuna kichwa, maranda yakamdondokea kwenye kahawa.

Hapo uso wa Sauti ulipata moto kutoka shingoni, ukapanda taratibu hadi masikioni. Mama wa Randa alimfahamu. Bibi huyo ndiye aliyemwambia mara moja, kwa kucheka, "Wewe mwanangu una sauti ya kumliwaza mgonjwa." Na sasa sauti hiyo imemlaza kwenye vumbi la mbao.

— Umefanya vyema, Waya akasema, lakini hujamaliza. Karakana haizuii mawimbi. Niletee redio mbovu niiwashe mlangoni, ipige kelele usiku kucha. Akitaja jina, halifiki.

— Redio haitoshi, Kinyozi akadakia. Mvi ndiyo antena yenyewe! Mnyoe, umekata mawasiliano. Mlete hapa kwangu nimpitishe mashine.

— Nimnyoe mama yangu kipara?

— Kikulacho ki nguoni mwako, bwana! Mimi nakusaidia, wewe unanikodolea macho.

— Nyinyi watu wazima, Mama Birika akasema, mngekuwa watoto ningewachapa kwa huu upawa.

— Basi tusibishane, Waya akasema. Mwenye lugha yupo. Sauti, ndugu yangu, tuambie. Mle kwenye filamu walisema dawa yake ni nini?

Wote wakamgeukia. Randa ndiye aliyemtazama zaidi, macho yamevimba, macho ya mtu asiyelala. Sauti akaona mlango uko wazi mbele yake. Neno moja tu, na bibi wa watu analala ndani usiku huu. Neno hilohilo, na kesho mtaa mzima unacheka: Sauti hajui kitu, Sauti muongo, mtu wa ndimi nyingi hana hata moja. Akamwona mama mkwe wake kisimani, kanyamaza, kainamisha ndoo.

— Filamu ni filamu tu, ndugu yangu, akasema.

— Najua ni filamu. Lakini maneno si yalisemwa?

— Maneno... yanategemea.

— Yanategemea nini?

— Mdomo, Sauti akasema, na akatamani kahawa ile ingekuwa kisima ajitumbukize.

— Umesikia? Waya akamwambia Randa. Yanategemea mdomo. Ndiyo kusema tumzibe mdomo!

Kabla hajacheka mwenyewe, wakasikia. Kutoka kwenye kona ya ukuta, mnong'ono. Pole pole, ukikaribia.

— Ukuta. Ukuta. Bado ukuta. Mfereji huu. Panda. Haya, jiwe.

Kinyozi akalivuta taulo hadi puani. Waya akashika bisibisi kwa mikono miwili. Kisha kwenye kona ukatokea mkono wenye mishipa, unapapasa plasta, na nyuma ya mkono akaja mama yake Randa, mvi zimechomoza chini ya kitenge, kitambaa kimefungwa kwenye muundi wa mguu, na kitambaa chenyewe kina doa jekundu.

— Shikamoo, mama, wakasema wote kwa pamoja, kama darasa lililofumaniwa.

— Marahaba, wanangu. Seremala wangu yupo?

— Nipo, mama. Umetokaje peke yako? Na huo mguu?

— Ubao huo. Si kitu. Nimekuja kukuuliza, mwanangu, rangi imekauka?

Randa akainamia kikombe chake, akaanza kuokota maranda kwenye kahawa.

— Si kwamba nalalamika, bibi akaendelea. Pazuri pale, pana harufu ya mti. Ila sipajui. Kule ndani nilishapajua. Usiku nikienda msalani navitaja: kiti, ndoo, kizingiti. Na wale wajukuu wanaolala chini, njiani kwangu, nao nawataja. Kitinda huyu, hapa miguu yake. Kaka mtu huyu, hapa kichwa. Nikiwataja siwakanyagi, na siwaamshi, kesho wana shule. Lakini kwenye karakana kila siku unahamisha mbao. Nataja dirisha, nakuta msumeno.

Hakuna aliyepata pa kuweka macho. Kinyozi alilikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Waya alirudisha bisibisi mfukoni polepole sana, kama mwizi anayerudisha kitu. Mama Birika akamwachia bibi kigoda chake, akamshika mkono akamketisha.

— Nimewasikia mnamzungumzia bibi mmoja, bibi akasema alipokwisha kupumua. Ni wa mtaa huu?

— Hapana, mama, Mama Birika akajibu, akiwatazama wanaume. Ni wa kwenye filamu. Naye eti husema peke yake usiku, akishuka ngazi.

— Maskini. Naye macho?

Mama Birika akamtazama Randa.

— Alikuwa anasema nini?

Bibi aliuliza kwa upole tu, kama mtu anayeulizia hali ya mwenzake aliyelazwa. Na vichwa vyote vikamgeukia Sauti.

Na hapo ndipo Sauti aliiona ile filamu, kana kwamba hajawahi kuitazama. Mkono wa yule bibi ulikuwa umeshika reli ya ngazi. Unyayo wake ulitafuta ngazi kwanza, ukaigusa, ndipo ukakanyaga. Vyote vilikuwa pale kwenye skrini, vikubwa kama nyumba, mbele ya macho yake. Lakini yeye alikuwa anatazama mdomo.

Akainuka. Hakuaga. Benchi likapiga chafya, matofali yakaporomoka, na Kinyozi, Waya na Randa wakashuka chini kwa mpigo mmoja, vikombe juu yao. Siku nyingine mtaa mzima ungecheka. Siku hiyo hakucheka hata Mama Birika.

— Sijui, mama, Sauti akasema. Sauti yenyewe ilitoka nyembamba, ungedhani ya mtu mwingine. Lugha ile siijui. Wala zile nyingine. Yale maneno niliyaweka mimi.

Randa alikuwa bado amekaa vumbini, kahawa inamchuruzika shingoni. Alimtazama Sauti. Ungetegemea amtukane. Lakini tusi likimtoka lingemrudia mwenyewe, kwani godoro alilibeba nani? Akajizoa, akaja akachuchumaa mbele ya mama yake.

— Imekauka, mama. Rangi imekauka.

— Imekauka, eh? Bibi akatikisa kichwa. Akampapasa nywele, akaanza kumtoa maranda moja moja, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo. Rangi gani hiyo, mwanangu, isiyo na harufu?

Randa akazidi kuinamisha kichwa. Kinyozi akaangalia juu, Waya akaangalia chini. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha bibi, likatoa tone moja, kisha machicha.

— Kahawa imekwisha, akasema. Nendeni mkabebe godoro.

Wakaondoka. Mbele alikuwa bibi, mkono ukutani. Nyuma yake seremala, anaondoa mawe njiani kwa mguu. Walipofika karakana Sauti aliingia bila kuambiwa, akalikung'uta godoro vumbi la mbao, akaliweka kichwani, wakashika njia ya nyumbani.

— Ukuta, bibi akasema. Ukuta. Mfereji.

Na Sauti akafuata nyuma, akisikiliza kila neno, asiongeze la kwake.