Kioo Kilichobaki na Jina

Ndugu zangu, asanteni kwa kiti, lakini haya nitayasema nimesimama. Miezi minne sasa nakuja kwenye jumuiya hii hapa Igogo. Naimba, nakunywa chai yenu, nakaa nyuma karibu na mlango. Wengine mnasema mimi ni mtu mpole. Si upole. Nilikuwa naogopa mtu asije akaniuliza zamani nilifanya kazi gani.

Nilikuwa maabara, kwenye hospitali moja ambayo sitaitaja. Ni miaka ile tulipoanza kuambiwa kila mgonjwa achangie matibabu, na vifaa vikawa vya kubanabana. Vile vioo vidogo vya kupimia malaria hatukuvitupa. Tuliviloweka kwenye ndoo ya sabuni na dawa, tukavisugua, tukavianika juu ya gazeti, kesho yake tunavitumia tena. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na niliiweza, msinione hivi.

Jumatano moja akaja mama mmoja kutoka upande wa Kisesa, mkulima wa pamba. Alikuwa amejitanda khanga mpaka kwenye kidevu. Alipoifungua tukaona uvimbe chini ya sikio, pale kwenye tezi ya mate, mkubwa kama yai la kuku wa kienyeji. Kijijini walishasema ni ukimwi, na wenzake walikuwa hawali naye sahani moja. Mama mkwe wake alimkataza sindano, kwa kuwa inasemekana uvimbe ukidungwa unaamka. Mama yule alibembeleza mpaka wakamruhusu, kwa sharti. Alimwambia daktari mbele yangu, "Mara moja tu. Mara ya pili hawatanikubalia."

Daktari akachukua sindano nyembamba, akavuta kidogo kutoka kwenye ule uvimbe, akapaka kwenye vioo viwili. Mimi nikaandika jina lake pembeni ya kila kioo kwa penseli, nikavitia kwenye chupa ya spiriti visiharibike. Vingesomwa kesho yake, maana mtaalamu wa kusoma vitu hivyo alikuja kwetu kila Alhamisi.

Mchana ule foleni ya malaria ilifika nje. Nikashika chupa isiyo yenyewe, nikidhani ni ya vioo vya malaria vilivyokwisha kusomwa, nikaimimina kwenye ndoo. Nikasugua kama kawaida. Wakati wa kuanika ndipo nikaona penseli. Jina lilikuwepo, herufi zote, ila kioo kilikuwa cheupe kabisa, kilichopakwa kimetoka chote, na cha pili vilevile.

Nawaambia ukweli, nilitakiwa kumfuata daktari saa ileile, mama yule aitwe, adungwe tena. Nikajiambia kwao hawatamruhusu, nitamletea matatizo bure. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu yenyewe ni kwamba niliogopa kufukuzwa. Kulikuwa na mgonjwa mwingine mwenye uvimbe wa tezi hiyohiyo, naye alikuwa na vioo viwili. Nikachukua kimoja chake, nikafuta jina, nikaandika la yule mama. Nilijua uvimbe wa pale mara nyingi huwa si mbaya. Nikabahatisha, ndugu zangu, kwa mwili wa mtu.

Alhamisi mtaalamu akaweka jicho kwenye hadubini, akasema huyu mama ana bahati, si saratani. Mimi ndiye niliyenakili majibu kwa mwandiko wangu. Mama alipokuja kuyachukua alipiga magoti kunishukuru, nami nikamwacha apige magoti.

Kuanzia hapo nikaanza kunywa. Nilikunywa jioni, baadaye na asubuhi kabla ya kazi. Mke wangu akarudi kwao. Nilimwacha aamini ni pombe tu.

Baada ya msimu mzima kupita, nilikwenda Kisesa kununua mchele. Mtu akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, dakitari." Mimi si daktari, lakini aliniita hivyo. Nikageuka, nikamwona yule mama. Jicho lake la upande ule lilikuwa halifumbi, linatiririka machozi, na mdomo umevutwa pembeni. Akafungua pindo la khanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Ilikuwa ile yangu.

"Nyumbani wanasema sindano ndiyo imeuamsha," akasema. "Mimi nawaonyesha hii. Nawaambia hospitali haiwezi kunidanganya."

Ndugu zangu, ningetukanwa ningeweza kuondoka. Pale sikuweza. Nikamwambia anipeleke kwake saa hiyohiyo.

Mumewe alikuwepo, na mama mkwe. Nikawapa shikamoo, wakaitikia marahaba, nikaletewa kigoda. Sikukaa. Nikasema, "Sindano haikuamsha kitu. Niliosha kioo cha huyu mama kabla hakijasomwa, nikampa majibu ya mtu mwingine."

Nilisubiri mumewe anipige, na nilitaka anipige. Aliniuliza tu niliogopa nini. Nikasema niliogopa kazi yangu. Akainamisha kichwa. Aliyeinuka ni mama mkwe, yuleyule aliyekataza sindano. Aliingia ndani akatoka na khanga mpya, akamwekea mkwewe mabegani, akasema, "Kesho mwende."

Tukaenda. Nilimweleza daktari yote, na mtaalamu naye akisikia. Mama akadungwa mara ya pili. Nilipochukua penseli akanishika mkono. "Andika nikiona," akasema. Nikaandika, naye akafuata herufi moja moja kwa kidole.

Ilikuwa saratani. Siku iliyofuata nikafukuzwa kazi, na ilikuwa haki. Yeye alifanyiwa upasuaji hospitali kubwa, upande mmoja wa uso wake ukabaki umelala. Alivuna pamba misimu miwili tena, kisha tukamzika. Nilimuuliza daktari kama tungewahi ingekuwaje. Hakunificha. Alisema pengine angekuwa hai.

Pombe niliiacha kwa kushikwa mkono, si kwa nguvu zangu. Namshukuru mzee mmoja wa jumuiya hii ambaye, hata sijaanza kuja hapa, alikuwa akinipitia kila asubuhi kabla sijatoka kwenda kilabuni. Namshukuru yule mtaalamu, ambaye baada ya miaka alinitafutia kazi kwenye zahanati ndogo, kazi ya kuosha vioo. Aliniambia ananipa hiyohiyo makusudi. Naishukuru familia ile ya Kisesa, iliyoniita kwenye mazishi nikabeba jeneza pamoja nao.

Mwenye kosa alilolificha, alitoe leo, wakati aliyekosewa bado anaweza kudungwa tena. Mimi nilichelewa msimu mzima.

Siku hizi, kabla kioo hakijaingia kwenye ndoo, nasoma jina kwa sauti, na nauliza kama kimeshasomwa. Wenzangu wamezoea, wengine hunicheka. Hapa tumekubaliana tusitaje watu majina, nami nimetii. Lakini kila asubuhi nikifika kazini, kabla ya kioo cha kwanza, lipo jina moja nalitamka, na kioo chake hakipo.