Kilio cha Kabatini

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo kusikia ya watu sikuwa na kisingizio ila umbea wangu. Mbele yangu kijana mwigizaji alikuwa akimweleza mama mshonaji, ambaye ndio kwanza wanakutana, kwamba kabla ya saa sita anatakiwa atume redioni sauti yake ya nusu dakika. Ikipendeza, anapata nafasi katika mchezo wa redio.

Alikuwa amejirekodi ndani ya kabati, maana nguo humeza mwangwi. Maneno yalikuwa ya mtu aliyefiwa.

“Mara ya nne nikalia kweli, shangazi. Mama akanisikia.”

Akambonyezea simu. Tukasikia kilio, mlio wa mlango, kisha sauti ya mama mtu: “Mwanangu, nani kakuudhi? Toka humo, njoo ule.”

Mshonaji akajifuta macho kwa futi iliyomning’inia shingoni. “Tuma hiyo hiyo.”

“Wametaka sauti moja tu. Itabidi nimkate mama.”

“Umkate mama! Mwanangu, mimi nashika mkasi kutwa, najua pa kukata.”

“Wataniona mtoto.”

“Kwani wewe nani?”

Kijana akaanza kutafuta pa kukata. Basi likasimama kituo cha mwisho, kidole chake bado kikielea juu ya simu.

“Haya, kata ukitaka,” alisema mshonaji bila kunyanyuka. “Lakini kwanza niwekee tena pale anapokuita.”

Nami, ambaye kituo changu kilishapita zamani, nikasogeza sikio.