Bi Sentimita Anakabidhi Kreni

Leo Ijumaa tarehe 30 mwezi wa sita, saa kumi jioni, Bi Sentimita atakuwa ametimiza miaka thelathini na moja, miezi miwili na siku nne katika karakana yetu ya pampu na mota. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Aliniletea kwenye kipande cha karatasi, akaniagiza nisiizidishe hata siku moja. Nimepewa kazi ya kuandika maneno haya kwa sababu mashine yangu ya kukereza vyuma iko hatua nane kutoka kwenye kreni yake, na kwa miaka ishirini na miwili sidhani kama kuna binadamu niliyemtazama zaidi yake, mke wangu akiwemo.

Alianza hapa kama mtunza stoo. Asubuhi alitoa spana, jioni alizipokea, na spana iliyorudi na mafuta ilirudishwa kwa aliyeileta. Wazee wa karakana wanasimulia kwamba haukupita mwezi kabla mafundi hawajaanza kuja na spana zao kutoka nyumbani ili wakwepe maswali yake. Akazikagua na hizo pia.

Wakati huo hapakuwa na kreni. Pampu ziliinuliwa kwa mnyororo uliotundikwa kwenye boriti ya paa, wanaume sita wakivuta kwa pamoja na wa saba akipiga kelele. Katika mwaka wake wa tano, boriti ilipinda, pampu ikaporomoka, na fundi mmoja wa mota akapoteza vidole viwili vya mguu. Bi Sentimita ndiye aliyemfunga jeraha, akapanda naye gari mpaka hospitali, akakaa naye hadi mkewe alipofika. Kesho yake aliingia ofisini kwa meneja kuomba kreni. Aliambiwa asubiri. Akarudi mwezi uliofuata, na uliofuata tena, na akaendelea hivyo kwa miaka saba. Mameneja watatu walikuja na kuondoka wakiwa wamezoea kumwona kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, karatasi mkononi, salamu zake za adabu, ombi lake lile lile. Wa nne alikubali. Wapo wanaosema alichoka tu, lakini mimi nadhani aliisoma ile karatasi.

Kreni yenyewe wengi wenu mnaijua: nguzo moja ya chuma iliyosimama sakafuni, mkono wa mita nne unaozunguka, na ndoano inayoinua tani moja na si kilo moja zaidi. Bi Sentimita alipelekwa mafunzoni miezi mitatu, akarudi na cheti na daftari nene, akaisimamia kazi ya kuiweka tangu shimo la kwanza. Boliti nane zilipangwa kwa ubao uliotobolewa ili zisipishane na matundu ya nguzo, kisha zege likamwagwa. Hapo akatangaza kwamba hakuna atakayeligusa kwa siku ishirini na nane.

Siku ya tisa meneja alilipiga zege kwa kisigino, akasema limeshakuwa jiwe. Bi Sentimita alimkubalia kwamba juu ni jiwe kweli, ila huko chini bado halijamaliza kazi yake. Kisha akaweka mapipa manne matupu kulizunguka, akavuta kiti, na tangu siku hiyo akawa anakula chakula chake cha mchana hapo hapo. Baada ya siku mbili tukawa tunakula naye, maana kiti chake kilikuwa mahali penye upepo. Siku ya ishirini na tisa nguzo ilisimamishwa, ikanyooshwa kwa pimamaji kila upande, nati zikakazwa kwa zamu, hii kisha ile inayoielekea, kidogo kidogo. Mkaguzi alipokuja alitundika mzigo wa tani moja na robo, kwa kuwa kreni hupimwa kwa uzito unaozidi kidogo ule itakaobeba kila siku. Nguzo haikutikisika. Bi Sentimita alisaini fomu, akasema sasa ana njaa.

Jina lake alilipata wiki hiyo. Kila mzigo aliuinua sentimita tano tu, akasimama. Aliangalia kama breki inashika, kama mikanda ya kubebea imekaa sawa, kama ndoano iko juu ya katikati ya mzigo. Wateja wageni walidhani umeme umekatika. Akisharidhika ndipo anaendelea, na amefanya hivyo kwa mzigo wa kilo mia tisa na kwa mzigo wa kilo ishirini.

Msije mkadhani hajawahi kukosea. Katika mwaka wa kwanza wa kreni alizungusha mkono bila kutazama nyuma, akashusha gamba la pampu juu ya baiskeli ya mhasibu. Baiskeli ililala chali na haikuamka. Bi Sentimita alijiandikia ripoti mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu, ambamo kosa la baiskeli kuegeshwa mahali pale lilipata mstari mmoja. Kwa wiki tatu mhasibu alikuja kazini na baiskeli ya mume wa Bi Sentimita, ambaye ni fundi cherehani na mtu mpole, na mume huyo akawa anakwenda kwa miguu. Ule mstari wa njano sakafuni ulichorwa baada ya hapo. Anayeuvuka mzigo ukiwa juu huitwa kwa majina yake yote matatu, na sauti hiyo husikika mpaka ofisini.

Asubuhi zake zilikuwa na utaratibu ambao haukubadilika. Alijaribu kitufe chekundu cha kusimamisha. Alipandisha ndoano tupu mpaka juu kuona kama umeme unajikata kabla haijagonga. Kisha alizima umeme, akafunga swichi kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, ndipo akapitisha kitambaa kwenye waya wa ndoano kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikinasa, ujue kuna uzi umekatika. Mwisho aligonga kila nati ya msingi kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Siku moja aliondoka na ule ufunguo mfukoni kwenda kwenye mazishi, na karakana nzima ikakaa ikimsubiri mpaka saa nane. Aliporudi hakuomba msamaha. Alituuliza kama kuna aliyejaribu kuvunja kufuli, tukasema hapana, akafurahi sana.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo hasa nilitaka kuliandika.

Miaka saba iliyopita pampu kubwa ya maji ya mtaa iliharibika, ikaletwa hapa juu ya lori asubuhi ya Jumanne. Mitaa minne haikuwa na maji kwa siku ya tatu. Dereva alikuwa anapiga honi, meneja alikuwa anapigiwa simu kila baada ya dakika kumi, na watu walikuwa wamejaa getini na ndoo. Bi Sentimita alikuwa amepiga magoti kwenye msingi wa nguzo na nyundo yake. Nati sita ziliitika vizuri. Mbili zilitoa sauti butu, kama mtu anayegonga mlango wa mbao. Akazigonga tena, akainuka, akafunga swichi kwa kufuli.

Meneja alimweleza habari za mitaa minne. Alimkumbusha kwamba pampu ni kilo mia tisa tu, na kreni ni ya tani moja. Wengine wetu tulimuunga mkono meneja, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Nguzo ilikuwa wima kabisa, haina dalili ya ugonjwa. Bi Sentimita alisubiri tumalize, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Moja ya hizo nyumba zisizo na maji ni yangu. Binti yangu amejifungua, mtoto ana siku tano. Hiyo pampu naitaka kuliko nyote. Lakini kreni haiinui leo."

Pampu ilifunguliwa juu ya lori palepale, kipande kwa kipande, vipande vikateremshwa kwa mbao na mikono. Yeye mwenyewe alipanda lorini, akapanga kipi kitangulie, na hakuruhusu mtu ashike kitu kabla hajasema kitakwenda wapi. Kazi ambayo kreni ingeimaliza kwa nusu saa ilituchukua mpaka kesho yake mchana. Mumewe aliteka maji mbali kwa baiskeli, madumu mawili kila safari, na binti alinuna kwelikweli. Maji yalirudi Alhamisi jioni.

Ijumaa tulifungua nati zile mbili. Ya kwanza ilitoka na kipande cha boliti ndani yake, kimekatika kabisa chini ya bamba la nguzo. Ya pili vivyo hivyo. Meneja alikishika kile kipande akakitazama kwa muda mrefu, kisha akatazama mahali ambapo sote tungekuwa tumesimama siku ya Jumanne. Bi Sentimita alikuwa ameshaanza kutafuta sababu, maana boliti nene kama kidole gumba haikatiki kwa kupenda kwake. Katika kikao cha jioni hiyo aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kutumia ndoano kuburuta mzigo kwa pembeni.

Aliyeburuta ni mimi. Miezi minne kabla, yeye akiwa likizo, gamba la pampu lilikwama chini ya rafu ya pembeni, nami nikaona uvivu kulitoa kwa mikono. Nililivuta kwa ndoano, kreni ikalia, nikavuta tena, labda mara kumi. Lilipotoka nilijiona hodari. Kikaoni niliogopa kukiri. Jumatatu nilimfuata pale alipokaa, nikamweleza yote bila kupunguza.

Nilitegemea anitukane. Badala yake akasema, "Ungeniambia siku niliporudi likizo, ningezifungua nati za upande ule siku hiyo hiyo. Kaa chini nikuonyeshe." Akachukua chaki, akachora nguzo sakafuni, akanionyesha jinsi mzigo unaoning'inia wima unavyobebwa na boliti zote, na jinsi ule unaoburutwa unavyozing'oa za upande mmoja kama jino. Alipomaliza alinipa kalamu. "Ripoti utaandika mwenyewe," akasema, "kama nilivyoandika ya baiskeli."

Niliandika. Meneja alinipa barua ya onyo, nami nilistahili. Nguzo ilishushwa, msingi ukabomolewa na kumwagwa upya, na safari hii hakuna aliyelipiga zege kwa kisigino. Tangu wakati huo Bi Sentimita hakuwahi kulitaja jambo lile mbele ya mtu. Mwaka uliofuata aliniombea nafasi ya mafunzo ya kreni, akisema anataka mtu wa kumshikia likizo anayejua vizuri kisichotakiwa. Hivyo ndivyo nilivyokuja kuwa msaidizi wake.

Kuanzia Jumatatu kreni itakuwa mikononi mwa dada yetu mchomeleaji, ambaye amefundishwa na Bi Sentimita kwa mwaka mzima na amefaulu mtihani wa mkaguzi kwa mara ya kwanza. Wiki iliyopita aliinua mota ya kilo mia saba huku mwalimu wake amekaa amempa mgongo, akinywa chai. Tulimwuliza kwa nini hatazami. Akajibu kwamba amesikiliza, inatosha.

Bi Sentimita, wewe hupendi kusifiwa mbele ya watu, kwa hiyo tutasema lililo kweli tu. Karakana hii ina wafanyakazi kumi na tisa. Jioni hii sote tutaosha mikono kwenye bomba moja, tutavaa viatu vyetu, tutatoka getini kwa miguu yetu wenyewe, na nyumbani hakuna atakayeona ajabu kutuona tumerudi salama. Asante kwa hilo. Asante kwa kila asubuhi uliyopiga magoti kwenye saruji baridi ili jioni zetu ziwe za kawaida. Mfikishie mumeo shukrani zetu, na nyote wawili tunawatakia afya, usingizi mnono na siku nyingi za kupumzika. Nenda salama, mama. Tumebaki salama.