Kumuaga Daktari Aliyeikataa Picha Nzuri

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi ya hospitali, waheshimiwa wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, wenzangu wa chumba cha picha, na wewe dada yetu unayestaafu leo, ambaye tayari umenikunjia uso kwa sababu nimeshika kipaza sauti: hamjambo?

Anayetuaga mnamjua kwa jina tulilompa wenyewe, Daktari Ngoja Kwanza. Ukimwambia kazi imekwisha, "Ngoja kwanza." Ukimwambia chai ipo mezani, "Ngoja kwanza." Tumekunywa naye chai ya baridi tangu tukiwa vijana, na hilo bado hatujamsamehe. Lakini iko siku moja ambayo siwezi kumwacha aondoke bila kuisimulia.

Ndugu wageni, sisi tunapiga picha za ubongo na kuzilinganisha. Sasa utalinganishaje vichwa visivyofanana, kimoja kirefu, kingine cha duara? Kompyuta huuvuta kila ubongo hapa na kuubana pale, mpaka uenee katika kielelezo kimoja cha wote. Kila nukta ya picha ina namba inayoonyesha ubongo uliopo pale ni kiasi gani. Mtego uko hapo. Sehemu iliyosinyaa kwa ugonjwa ikivutwa mpaka ijaze nafasi, namba zake hubaki kubwa vilevile ilhali nukta zimeongezeka. Ukijumlisha, unampa mgonjwa ubongo asiokuwa nao. Ndiyo maana iko hatua ya kusahihisha: kilichovutwa kikawa mara mbili, namba zake zipunguzwe nusu.

Siku hiyo kitengo kilikuwa kimetoka kwenye utafiti mwingine usioihitaji hatua hiyo, nayo ikabaki imezimwa. Picha ya mama mmoja, mwalimu mstaafu, ikatoka imejaa, inapendeza. Ripoti ikaandikwa kwamba hana tatizo. Mumewe alikuwa anasubiri kwenye korido, na muuguzi alipomdokezea habari hizo njema, hakufurahi hata kidogo.

"Kwa hiyo ananifanyia makusudi?" akauliza.

Maana nyumbani kulikuwa hakukaliki. Mama aliuliza jambo lilelile kutwa nzima. Alificha funguo, kisha akawasingizia wengine. Mawifi walisema ni kiburi tu, na kwamba kaka yao amekaliwa kichwani. Mzee naye maji yalikuwa yamemfika shingoni. Alikwisha kumwambia binti yao aje amchukue mama yake. Alichokuwa anangoja ni ripoti yetu.

"Ngoja kwanza," akasema daktari wetu, kalamu ya kutia saini ikiwa mkononi. "Huyu mama nimezungumza naye. Kila nikimjibu jina langu, ananiuliza tena. Picha hii inaringa mno."

"Lakini dokta, kompyuta imeshamaliza."

"Kompyuta imefanya ilichoambiwa. Nyinyi mliiambia nini?"

Hatua ikawashwa, hesabu ikarudiwa. Sehemu ya kumbukumbu ikafifia mbele ya macho yetu. Daktari hakumtuma mtu. Alitoka mwenyewe, akaketi kwenye benchi kando ya yule bwana.

"Mzee wangu, mkeo anaumwa. Hakufanyii kusudi."

Mzee alilia. Nilikuwepo, na sioni haya kusema kwamba nami nililia.

Niwaulize, ndugu zangu: ugonjwa ule hatukuwa na dawa ya kuuponya, basi ukweli ule ulimfaa nani? Tulimwondolea mtu tumaini tukampa nini badala yake? Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, wala silichukulii kwa wepesi. Nasema haya kwa ruhusa yao, kwa sababu mzee na mama wamo humu ukumbini, nami nilikuwa nimeketi nyuma yao kabla ya kuitwa hapa. Mama amemwuliza wamekuja kufanya nini. Akamwuliza tena, na tena. Na kila mara mzee ameinama, akamjibu taratibu, "Tumekuja kumuaga daktari, mke wangu," kama ndiyo kwanza anaulizwa.

Dada yetu, hiyo ndiyo kazi yako. Tunakushukuru. Nanyi mlionitegea sikio mpaka hapa, Mungu awalipe kwa uvumilivu wenu.